Sir Albert Cook wa Mengo, Mwalimu wa Watabibu

Katika kitabu hiki cha Yubile tumekwisha kusimulia habari za mapadre na walimu waliolima shamba hili kwanza. Sasa yatupasa kuandika habari za mtu mmoja ambaye hakuwa padre, wala hakukaa katika Dayosisi yetu, lakini jina lake lajulikana sana katika hospitali za misheni za Afrika ya Mashariki. Mtu huyo ni Daktari Albert Ruskin Cook wa Mengo, katika nchi ya Uganda. Wengi humsifu kwa ajili ya wagonjwa aliowaponya, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini sisi twaona kwamba kazi yake iliyopita zote si kuponya, bali ni kufundisha. Maana wagonjwa aliowaponya wamekwisha kufa kama yeye mwenyewe alivyokufa. Bali wale aliowafundisha waliwafundisha wengine, nao wakawafundisha wengine, na kazi hiyo haijakoma hata leo.

Alizaliwa Hampstead, katika mji wa London, tarehe 22 Machi 1870. Baba yake alikuwa daktari, kwa hiyo mtoto alikua akiona habari za wagonjwa nyumbani mwao. Alisoma katika shule ya St Paul's, kisha Trinity College huko Cambridge, na baada ya hapo akajifunza utabibu katika St Bartholomew's, hospitali ya kale mno ya London. Alihitimu mwaka 1895. Kijana mwenye elimu ya namna hiyo angaliweza kukaa kwao akapata mali na heshima, maana wagonjwa wenye fedha walikuwa wengi. Lakini alikwisha kukata shauri. Alijitoa kwa chama cha misheni kiitwacho C.M.S., akapewa kwenda Uganda, akaanza safari mwaka 1896.

Wasomaji wa leo, waliozoea kusafiri toka Mombasa mpaka Kampala kwa siku moja, hawana budi kukumbuka hali ya njia siku zile. Reli ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa pale pwani, nayo haikufika ziwani mpaka mwaka 1901. Basi wale wamisionari wakaingia bara kwa miguu, pamoja na wapagazi wao na mizigo ya dawa na vyombo, katika jua na mvua, kupita nyika na milima. Safari yao ikachukua miezi mitatu hivi. Katika kundi lile alikuwamo nesi mmoja, Bibi Katharine Timpson, ambaye habari zake haziwezi kutengwa na habari za daktari; maana waliolewana mwaka 1900, na kazi tunayotaka kuisimulia hapa waliifanya wote wawili. Wakafika Mengo mwezi wa Februari 1897.

Mengo ndipo palipokuwa na jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, na kilima cha pili yake ni Namirembe, penye kanisa kuu. Pale mtelemkoni mwa Namirembe ndipo daktari alipoanza kutibu watu katika mwezi ule ule wa Februari. Mwezi wa Mei ikafunguliwa hospitali ya kwanza, nyumba ya matete iliyoezekwa kwa majani, yenye vitanda vichache tu. Watu wakaja kwa makundi. Wengine walikuja kwa kutaka dawa, wengine kwa kutaka kumtazama mzungu akikata mwili wa mtu aliyelala usingizi wa dawa, kisha mtu yule akaamka. Wenye uvimbe, wenye vidonda vya miaka, vipofu wa mtoto wa jicho, wote wakaletwa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nayo methali hiyo ikatimia Mengo kwa maneno yake yenyewe.

Hata mwaka ule wa kwanza haukuwa mwaka wa amani. Kabaka Mwanga aliondoka kupigana na Waingereza, na baada yake askari wa Kinubi wakaasi. Daktari Cook akatoka kwenda Busoga kuwatibu majeruhi wa vita ile, ambako rafiki yake George Pilkington, yule aliyeifasiri Biblia kwa Kiganda, aliuawa mwezi wa Desemba. Mwaka 1899 ndugu yake, Daktari Jack Cook, akaja kumsaidia. Ikajengwa hospitali kubwa zaidi. Na mwaka 1902 radi ikaipiga, ikateketea. Watu wengi wangalivunjika moyo. Wao wakajenga tena, safari hii kwa matofali, na mwaka 1904 nyumba mpya ikafunguliwa.

Yafaa tueleze kidogo jinsi daktari huyu alivyofanya kazi, maana namna yake ya kufanya kazi ndiyo ilikuwa somo la kwanza kwa wote waliomtazama. Kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa habari zake katika daftari: jina, mahali alipotoka, ugonjwa, dalili zake, dawa aliyopewa, na mwisho wake, kama alipona au alikufa. Hakuandika ushindi tu. Aliandika na kushindwa. Kwa ajili ya desturi hiyo, mwanzoni mwa mwaka 1901, yeye na ndugu yake waliweza kutambua kwamba ugonjwa mpya umeingia nchini. Wagonjwa waliletwa wenye kusinzia, mwili umekonda, akili imepotea. Na hao ndugu wawili wakatambua kuwa ni ugonjwa wa malale, wakatoa habari. Baadaye wataalamu walioletwa toka Ulaya waligundua kuwa mbung'o ndio hueneza ugonjwa ule. Lakini tauni hiyo ilikuwa imekwisha kushika pwani za ziwa na visiwa vyake, na yakadiriwa kwamba iliua watu zaidi ya 200,000.

Ndipo tufikie neno lenyewe. Katika miaka ile ya malale daktari aliona waziwazi jambo ambalo kila tabibu wa bara huliona, asipojidanganya. Hospitali yaweza kujaa, na sifa zake zikaenea, na nchi ikaendelea kufa. Mgonjwa aliyefika Mengo alitibiwa; lakini yule aliyekaa mwendo wa siku tano, hana mtu wa kumchukua katika machela, huyo hakufika. Mama aliyeshindwa kujifungua usiku, mbali na barabara, hakuwa na maana kwake kwamba kule kilimani yuko daktari hodari wa kupasua. Mikono ya madaktari wawili, au watano, au kumi, haikutosha nchi ile. Tena mgeni, hata akiwa mwema, ni mgeni. Ana siku ya kuja na siku ya kwenda. Akiisha kwenda, nani atamponya mwenyeji? Hapana jibu ila moja, nalo ni kwamba mwenyeji ajue kumponya mwenziwe.

Mafunzo ya kwanza hayakuwa ya shuleni. Yalianza na vijana waliofagia wodi, wakaosha chupa na kufunga vidonda. Waliokuwa na akili na subira wakafundishwa kupima dawa, kusoma kipimo cha homa, kushika taa mtu apasuliwapo, na kutazama damu kwa darubini. Daktari aliwafundisha kwa Kiganda, maana alikuwa amejifunza lugha hiyo kwa bidii, hata akatunga kitabu cha maneno ya utabibu kwa Kiganda ili madaktari na manesi wageni waweze kumwuliza mgonjwa habari zake kwa lugha yake mwenyewe. Jambo hilo si dogo. Tabibu asiyejua lugha ya mgonjwa hutibu mwili kama atengenezaye saa iliyoharibika. Lakini mgonjwa si saa.

Hata ilipokuja vita kuu ya mwaka 1914, Mengo ikawa hospitali ya vita. Wapagazi wengi waliochukuliwa kwenda kubeba mizigo ya majeshi walirudishwa wakiwa wagonjwa wa kuhara, wa homa na wa vidonda vya miguu, nao walikufa wengi sana. Hapo ndipo Serikali yenyewe ilipoona kwamba kazi ya utabibu haiwezekani bila Waafrika waliofundishwa, ikawatafuta vijana wa shule za misheni. Mwaka 1917 Daktari Cook akafungua pale Mengo shule ya kuwafundisha wasaidizi wa utabibu. Hii haikuwa tena kazi ya kuosha chupa. Walifundishwa maumbile ya mwili na kazi ya viungo vyake, magonjwa na dalili zake, dawa na vipimo vyake. Na asubuhi walikwenda wodini kuona kwa macho yale waliyosoma kitabuni.

Lazima tuseme kweli kuhusu shule hiyo, maana Yubile si siku ya kuficha. Haikudumu pale Mengo. Serikali ilikuwa na hospitali yake Mulago, na mafunzo ya utabibu yakakusanywa huko pamoja na chuo kipya cha Makerere. Mwaka 1924 ndio huhesabiwa kuwa mwanzo wa shule ya utabibu ya Makerere, ambayo baadaye ilipokea vijana toka Kenya, Tanganyika na Unguja. Kwa namna moja hili lilikuwa hasara kwa Mengo, maana mbegu ilipandwa shambani kwao na mavuno yakavunwa kwa jirani. Kwa namna nyingine ndilo jambo lililotakiwa: kazi ikue kupita nyumba iliyoizaa.

Tena lipo neno jingine lenye uchungu. Kwa miaka mingi vijana hao, hata walipojua kazi barabara, waliitwa wasaidizi tu. Mwafrika alifanya kazi ya daktari usiku kucha, na asubuhi cheo na mshahara vikawa vya mzungu. Wengi wa wakubwa wa siku zile waliona hali hiyo kuwa ya haki. Daktari Cook naye alikuwa mtu wa zama zake, hatuwezi kumvika joho la zama zetu. Lakini yaandikwa kwamba aliwahimiza Waafrika kutafuta shahada za udaktari za Uingereza, ili wasiishie katika usaidizi. Mwalimu wa kweli hupimwa kwa jambo hilo: je, ataka mwanafunzi wake afike alipofika yeye, au amfundishe nusu tu, ili apate mtumishi daima?

Sasa na tuwaendee wanawake, kwa maana hapa ndipo kazi ya Mengo ilipofika vijijini. Bibi Cook alikuwa mkuu wa manesi wa hospitali tangu mwaka 1897 hata 1911. Aliona watoto wakizaliwa wafu, au wakifa kabla ya kuota meno, na mama zao wakifa pamoja nao. Vita vilipokuwa vikiisha, mwaka 1918, yeye na mumewe wakaanzisha shule ya wakunga, ikaitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana. Daktari akaandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili msichana asiyejua Kiingereza asikose elimu kwa ajili ya lugha.

Hapa pia hatutaki kuficha. Shule ya wakunga ilizaliwa pamoja na vita ya Serikali juu ya kaswende. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi, aliandika kwamba sehemu kubwa ya watu wa Buganda wana ugonjwa huo, na madaktari wa Mengo nao waliamini hivyo. Watu walilazimishwa kupimwa kwa namna iliyowavunjia heshima, na lawama ikawekwa juu ya wanawake na desturi za nchi. Madaktari waliokuja baadaye wameona kwamba wengi wa wale waliohesabiwa kuwa na kaswende huenda walikuwa na buba, au ugonjwa mwingine wa jamii hiyo usioambukizwa kwa zinaa. Basi watu waliaibishwa bure. Sisi twaliandika hili kwa ajili ya manesi na watabibu wetu vijana, wajue kwamba hata mtu hodari, mwenye nia safi na daftari zuri, aweza kukosea akihukumu watu kabla ya kuwajua.

Lakini shule yenyewe ilizaa jambo jema kuliko hofu iliyoizaa. Kumpata mwanafunzi hakukuwa kwepesi. Uzazi ulikuwa jambo la watu wazima, la shangazi na bibi waliozaa wenyewe. Msichana asiyeolewa alikuwa na shughuli gani mlangoni pa mwenye uchungu? Wazazi walisitasita, na si ajabu. Tena akiisha kuhitimu, asikae Mengo penye wenziwe na taa na daktari karibu. Apelekwe shamba, katika nyumba ndogo ya kuzalishia, awe peke yake au na mwenziwe mmoja. Vituo hivyo vilijengwa mahali pengi, na Bibi Cook, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wakunga, alizunguka kuvikagua, akitazama usafi wa vyombo na kusoma daftari za uzazi.

Na tufikiri kidogo juu ya msichana yule. Usiku wa manane abisha mtu hodi. Mama amelala siku mbili na uchungu. Mkunga hana wa kumwuliza. Lazima ajue mwenyewe kwa mikono yake kama mtoto amekaa vema au amekingama, kama yafaa kungoja au yafaa kutafuta watu wa machela mara moja. Akikawia, watakufa wawili. Akiharakisha bila sababu, atamtesa mama bure njiani. Na asubuhi, mama akiisha kupona, wale bibi waliomcheka kuwa ni mtoto mdogo watamwita kwa heshima. Akifa, watanyamaza, na mwezi ule hakuna atakayebisha hodi. Elimu aliyopewa Mengo ilikuwa ya namna hiyo: si elimu ya kusimama nyuma ya daktari, bali elimu ya kusimama peke yake mahali asipofika daktari, na kujua mpaka wa uwezo wake. Mwaka 1931 Bibi Cook akaanzisha na shule ya manesi.

Mengo ilikuwa chuo kwa madaktari wageni pia. Daktari Sharp na Daktari Stanley Smith walifanya kazi pale wakiwa vijana, kisha wakaenda mbali mpakani, katika milima ya Kigezi, ambako wakafungua hospitali Kabale mwaka 1921. Toka huko kazi ikavuka mpaka ikaingia Rwanda na Burundi, na katika ziwa Bunyonyi kikapatikana kisiwa kwa ajili ya wakoma, watu ambao kila mlango ulifungwa mbele yao.

Mwaka 1932 Mfalme wa Uingereza alimpa Daktari Cook cheo cha Sir. Mwaka 1934 akaacha kazi ya hospitali, lakini hakurudi kwao. Alikaa Makindye, karibu na mji wa Kampala. Bibi Cook akafariki mwaka 1938, baada ya miaka arobaini na mmoja ya kazi katika nchi ile. Mumewe akaishi miaka kumi na mitatu zaidi, akaandika kumbukumbu zake, akafariki tarehe 23 Aprili 1951, umri wake miaka 81. Amezikwa Namirembe, juu ya kilima kile kile alichokifikia kwa miguu.

Baada ya kufa kwake daftari zake zilifanya kazi ambayo yeye hakuiwaza. Mwaka 1964 wataalamu walitoa hesabu ya magonjwa ya saratani toka katika daftari za Mengo za tangu mwaka 1897, wakaweza kuonyesha ni saratani zipi zilikuwapo Uganda tangu zamani. Katika kurasa zile waliona hata uvimbe wa mataya ya watoto, ambao Daktari Burkitt aliueleza kwa ulimwengu mwaka 1958. Mambo aliyoyaandika mtu mmoja kwa taa ya mafuta yaliwafaa watu wasiozaliwa bado. Maktaba ya shule ya utabibu ya Makerere yaitwa kwa jina lake, na hospitali ya Mengo yaendelea na kazi.

Na shauri lile alilokabiliana nalo lingali mbele yetu. Vyuo vikuu vyetu hutoa madaktari kila mwaka, lakini wengi hubaki mijini, na wengi hujifunza kiungo kimoja tu cha mwili. Kwa hiyo mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuwafundisha madaktari waliokwisha hitimu elimu ya tiba ya familia. Daktari wa namna hiyo hukaa miaka kadhaa akijifunza, si katika hospitali kuu tu, bali katika hospitali ya shamba kama ile ya Webuye, ili aweze kumtibu mtoto na babu yake, kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, kuwasimamia waganga wasaidizi na manesi, na kuingia nyumbani mwa mgonjwa ajue anakula nini na anakunywa maji gani. Twaona mafunzo haya ni ndugu wa yale ya Mengo. Tofauti njema ni kwamba sasa mwenyeji ndiye mwalimu, na mwenyeji ndiye daktari, naye haitwi msaidizi.

Katika mwaka huu wa Yubile wengi watahesabu majengo: makanisa mangapi, shule ngapi, vitanda vingapi. Si vibaya kuhesabu. Lakini nyumba ya kwanza ya Mengo ilikuwa ya matete ikaachwa, na ya pili iliungua kwa radi, na shule ya kwanza ya watabibu ilihamia kilima kingine. Yaliyobaki ni watu. Basi kila zahanati na kila hospitali yetu na ijiulize pia hesabu hii: ni wangapi tuliowafundisha, tuliwafundisha nusu au kamili, na je, yule mama akaaye mwendo wa siku moja toka barabarani ana mtu wa kumbishia hodi usiku?